Plagi Nilizisafisha Mimi

Segese, Alhamisi. Mvua imekatika, jua limetoka, na mimi nimefura kwa hasira tangu asubuhi.

Juzi wifi yangu Minza alishikwa na uchungu. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Kahama haraka. Pikapu letu kuukuu likagoma kuwaka. Plagi zote zilikuwa nyeusi kwa masizi na oili, na madukani mpya hazipatikani hata ulie. Mume wangu, Masanja, alilipiga gari teke, akaenda kutafuta baiskeli ya kumbebea dada yake.

Sikumsubiri. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori kule Songwa, na alinifundisha. Nilizifungua plagi, nikaziloweka kwenye petroli, nikazisugua kwa brashi ya waya na msasa, nikazianika juani, nikazirudisha.

Likawaka. Masanja akaja mbio, akashika usukani. Minza akajifungua salama, mtoto wa kike.

Jana uani kulijaa watu wakimpongeza mume wangu. Eti ni fundi haswa. Naye, huku akitafuna karanga nilizokaanga mimi, akajibu, "Plagi zilinisumbua, lakini mwishowe zilikubali."

Zilikubali!

Mimi nilikuwa namimina chai, mikono bado inanuka petroli.

Leo ilikuwa siku ya kumfuata Minza hospitali. Gari linakunywa oili, plagi zikachafuka, likagoma tena. Wageni walewale wakasimama wakimngoja fundi wao. Masanja akaja jikoni, akaninong'oneza, "Mama Kulwa, utanisaidia kidogo, watu wakishaondoka."

Wakishaondoka? Mzazi amekaa kwenye benchi la hospitali na kichanga, halafu nisubiri watu waondoke ili mwanamume asiaibike?

Nikatoka na spana mbele ya wote. Nikaanza kufungua. Baba mkwe akasogea, akashangaa. "Mayu, mama yangu, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Hata juzi nilikuwa mimi."

Gari lilipowaka, hakuna aliyepiga makofi.

Minza na mtoto tumewaleta salama. Lakini njia nzima ya kwenda, Masanja alilalamika kwamba nimemwaibisha. Nilimwambia aibu hiyo aliitafuta mwenyewe, kwa mdomo wake.

Sasa jioni yuko nje, ameinamia injini, spana mkononi, hajui aanzie wapi. Ananiita nikamfundishe. Anaita kwa sauti kubwa, majirani wote wanasikia.

Nimemsikia. Acha nimalize kuandika kwanza.