Kihenge cha Mama Paulo

Mjukuu wangu Anna,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata ndani ya barua. Hapa Bagara tu wazima, na mguu wa babu umepungua kuvimba. Wewe unakula vizuri huko?

Unauliza uandike au usiandike kwamba hesabu zenu za mavuno hazina uhakika, maana wakubwa wako wa kazi wanasema maneno hayo yanazichafua. Mimi niliishia darasa la nne, nitakujibu kwa kisa cha aibu yangu.

Miaka ile ya shida, kabla ya kugawa unga, nilitumwa kuangalia nani bado ana mahindi. Jirani yangu Mama Paulo sikumkuta. Nikakigonga kihenge chake cha kuwekea mahindi kwa kiganja, kikaitika kizito. Nikamwambia karani aliyeandika majina ya mgao, "Huyu ni kama anayo."

"Mama, hapa hatuandiki 'kama'. Anayo au hana?"

Niliogopa kuonekana mjinga. Nikasema, "Anayo."

Kumbe kihenge kilijaa magunzi matupu. Siku ya mgao jina lake halikusomwa. Akanigeukia na debe lake mkononi, "Mama Rehema, nani kanisemea uongo?"

Nilimpelekea nusu ya unga wangu, akanishukuru mpaka akalia. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Andika hiyo "kama" yako, Anna, hata wakinuna. Yangu ingeandikwa, mtu angerudi kuangalia.

Mama Paulo yu hai, tunasali kanisa moja. Sijamwambia mpaka leo. Nikishaifunga barua hii nakwenda kwake. Niombee.

Bibi yako,
Mama Rehema