Filimbi ya Mpwa Wangu Niliipasua Mimi, au Ilikuja na Ufa?

Mshauri mpendwa wa ukurasa wa kati, naomba msaada wako na naomba upesi, maana leo ni Jumapili na Riona anakuja Ijumaa, na mimi nilivyo sasa sijui kama nina kosa au sina, na kila nikikaa kulifikiria jambo lenyewe linageuka linakuwa jingine.

Nikwambie kwanza mimi ni nani, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivihivi. Nina miaka hamsini na sita, nakaa nje kidogo ya kijiji cha Gurteen, shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wamekwisha kunifundisha chote walichokuwa nacho, na nimewahi kumtoa ng'ombe aliyezama kwenye matope ya mboji kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai na haikumwagika. Waliokuwepo wapo, waulize.

Sasa, kwenye ukuta wa dada yangu Attracta kuna picha ya harusi yake, na mimi nimesimama pembeni na filimbi ya mbao mdomoni, ile ndefu inayoshikwa mkingamo, vidole vyote viko kwenye matundu na macho nimefumba. Kwa miaka karibu thelathini nimemwambia kila anayeuliza kwamba siku ile nilipuliza mpaka bibi harusi akasahau kukata keki, na ng'ombe wa jirani wakaruka ukuta wa mawe wakaja kusimama nje ya ukumbi kusikiliza. Mshauri, filimbi haikuwa yangu. Mwenyewe alikuwa anakwenda chooni, akaniambia nimshikie, na mpiga picha ndiyo akapita.

Riona ni binti wa Attracta. Alipokuwa na miaka saba alisimama mbele ya picha ile akasema na yeye anataka kupiga kama mjomba, na amepiga kweli, sasa ni mwalimu kule Galway na watu wanamwita kwenye vikao vya muziki kata tatu. Miaka minne iliyopita aliagiza filimbi ya mpingo kwa fundi mmoja wa Leitrim, fundi mwenye foleni ndefu kuliko ya kuungama wiki ya Pasaka, akangoja yote minne, na wiki filimbi ilipofika ndiyo wiki aliyoteleza kwenye ngazi za shule akavunjika kifundo cha mkono. Na filimbi mpya ya mbao haiwekwi kabatini kama sahani za wageni, ni lazima ipulizwe kidogokidogo kila siku ili mbao izoee pumzi ya mtu. Basi akaniletea mimi, mkono wake umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Mjomba, dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Usizidishe."

"Wewe mtoto, unanifundisha mimi?"

"Nakukumbusha tu. Ukimaliza pitisha kitambaa ndani ikauke. Mafuta ya lozi matone machache mara moja kwa wiki. Na jiko, Mjomba, usiisogeze karibu na jiko."

"Ikirudi kwako itakuwa inajipiga yenyewe."

"Nakuamini kwa filimbi," akasema. "Kwa wale ng'ombe ndiyo bado."

Hapo ndipo ningesema kwamba sijui kupiga. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, lakini kilichotoka ni kumuuliza kama atakula nyama na kabichi.

Alipoondoka nikaipeleka dirishani, nikaigeuza pande zote kwenye mwanga, nyeusi, laini, safi kama yai, nikaiona pua yangu mwenyewe ndani yake. Nikapuliza. Hakuna kitu. Siku tatu nilipuliza upepo mtupu mpaka kichwa kikazunguka nikaona mbwa wawili jikoni na mimi nina mmoja. Siku ya nne, sijui mdomo uliteleza vipi, ikatoka sauti moja, ndefu, nene, nikaisikia kifuani kabla haijafika masikioni, na mshauri, sikwambii uongo nikisema niliketi chini. Tangu hapo dakika kumi zikawa saa moja, saa moja ikawa mbili, nikasahau kitambaa, nikasahau na chakula, na baada ya wiki mbili nilikuwa na nusu ya wimbo mmoja wa dansi, ile nusu ya kwanza, na sidhani kama kuna mtu katika kata nzima aliyewahi kuipiga nusu ile vizuri namna hiyo.

Ila noti za chini zilikuwa zinanikimbia, zinatoka na pumzi zaidi ya sauti. Nikaenda baa kumuuliza Bartley Durkan, ambaye ana miaka themanini na mbili na ni mpigaji wa kweli.

"Inavuja," nikamwambia.

"Umeinywesha?"

"Kuinywesha nini?"

"Bia nyeusi, bwana mdogo. Baba yangu hakupiga noti moja kabla hajaimiminia nusu glasi. Mbao inavimba, mianya inaziba, imekwisha hiyo."

"Hata kama ni mpya?"

"Kiu ni kiu."

Mimi si mtu wa nusu, nikaimiminia glasi nzima. Kesho yake ikawa inanuka kama sakafu ya baa Jumatatu, nikaiosha kwa maji ya moto, nikailaza kwenye kichanja cha kuanikia nguo juu ya jiko, mboji kavu, ile tunayochoma badala ya kuni, inawaka vizuri chini, nikakaa kumenya viazi. Viazi havijachemka nikasikia ta, mlio mdogo kama wa mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Kipande cha juu, kile chenye tundu la kupulizia, kilikuwa na ufa kutoka mwisho wake mpaka karibu na tundu, unaweza kuingiza ukucha.

Nikaujaza nta ya mshumaa, nikapaka rangi nyeusi ya viatu, nikasugua, na ukiitazama kwa mbali huoni kitu. Sauti inatoka, ila imekuwa kama mtu mwenye mafua.

Jumatano Riona akapiga simu, plasta inatolewa Alhamisi ya wiki ijayo, na Ijumaa yake anakuja kuichukua filimbi. "Inaongea, Mjomba?"

"Inaongea kuliko mimi."

"Hilo silikubali," akasema, akacheka. Halafu akaniambia fundi amemwambia mbao ikionyesha kasoro yoyote mwaka wa kwanza, yeye anaichukua na kutengeneza nyingine, kosa ni la mbao. Bartley nilipomweleza akasema, "Basi sema ilikuja hivyo, nani alikuwepo?"

Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa, mshauri, kwa sababu tangu aseme vile naanza kukumbuka kwamba siku ile dirishani niliona kamstari. Kembamba, ka kijivu. Kila siku nakaona vizuri zaidi. Asubuhi niko tayari kuapa kwa kitabu, mchana najua nadanganya, jioni sijui. Nimesimulia mambo mengi maishani na mengine sasa nayakumbuka kabisa, hata wale ng'ombe nawakumbuka, mmoja alikuwa na pembe moja. Je, mtu anajuaje lipi aliliona na lipi alilisema? Je, ule mstari ulikuwepo? Nimwambie Riona nini Ijumaa, na je, kuna ubaya nikimwacha ampigie fundi mwenyewe, mimi nikae kimya, maana kukaa kimya si kusema uongo? Na jambo la mwisho ambalo naona aibu kuliandika, sitaki kuirudisha. Nisaidie.

Ni mimi, Mjomba, karibu na Gurteen.

*

Kaka yangu wa Gurteen,

Mstari haukuwepo. Mimi niko hapa mezani kwangu na filimbi sijaigusa, lakini barua yako ninayo. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulipoigeuza dirishani ilikuwa safi kama yai na ukaiona pua yako ndani. Hayo uliyaandika kabla hujafika kwenye habari ya fundi. Kamstari kamezaliwa baada ya simu ya Jumatano, na kanakua kwa sababu unakalisha. Mtu aliyeona kitu hahitaji kusaidiwa na Bartley kukikumbuka.

Kuhusu Bartley, hakukudanganya. Wazee walizimiminia bia na maji filimbi zao kwa kuwa zilikuwa kuukuu, zimekauka na kupasuka kwa miaka mingi, wala hazikuwa na kitu cha kupoteza. Wewe ulikuwa na filimbi ya mwezi mmoja, tena umekwisha kuilowesha kwa pumzi ya saa mbili kwa siku bila kupitisha kitambaa. Na haikuwa inavuja. Noti za chini huwakimbia wote wanaoanza, ni mdomo wako haujakomaa. Mpingo ni mgumu lakini ni mti. Ulipoupandisha juu ya jiko sehemu ya nje ilikauka ikajivuta, ndani bado imevimba, ikabidi pawe na pa kuachia. Binti alikwambia neno jiko mara mbili. Ulisikia ukampa kabichi.

Unauliza kama kukaa kimya si uongo. Fundi yule atachukua lawama ya mbao aliyoichagua vizuri, na atakaa wiki nyingi kutengeneza nyingine bure, na aliye nyuma ya foleni atangoja zaidi. Wewe utakuwa umekaa kwenye kiti chako unakunywa chai. Liite unavyotaka.

Lakini sitakupiga tu. Mwanamume wa miaka hamsini na sita aliyepuliza upepo siku tatu, na ya nne akapata sauti bila mwalimu, si mtu wa kuchekwa. Wengi huacha siku ya pili. Huna haja ya picha ya ukutani tena, sasa unayo nusu ya wimbo, na hiyo ni yako kweli. Inayobaki utaipata kwa filimbi nyingine. Zipo za plastiki, hazinywi bia wala haziogopi jiko. Nunua moja. Mwalimu unaye kwenye ukoo, ila huwezi kumwomba akufundishe kitu ambacho anaamini ulikijua kabla hajazaliwa.

Sasa fanya hivi. Usiipulize tena hata mara moja. Usiguse ile nta, na gundi usiisogelee kabisa. Iweke kwenye sanduku lake pamoja na kipande cha sifongo kilicholowana na kukamuliwa vizuri ili mbao isizidi kukauka, sanduku lifungwe, liende chumba kisicho na moto. Nilimuuliza mtu anayetengeneza filimbi. Alisema ufa wa namna hiyo anauziba kila baridi ikiingia, na ukizibwa vizuri filimbi hupigwa miaka na miaka. Nilipomtajia rangi ya viatu alinitaka nirudie, halafu akasema itatoka.

Usingoje Ijumaa. Akifika atalifungua sanduku kabla hajavua koti, na atakuwa ameuona ufa kabla hajakusikia. Gazeti hili linatoka Jumatano. Mpigie simu siku hiyohiyo, shule ikishafungwa, umwambie maneno haya kama yalivyo. Riona, filimbi yako niliipasua mimi, niliiweka juu ya jiko. Ile kwenye picha nilishikishwa tu, sijawahi kupiga. Ijumaa nitakuendesha mpaka kwa fundi na gharama ni yangu.

Usimwambie habari za Bartley, wala za viazi, wala za sauti iliyokuketisha chini, hata hiyo, kwa sasa. Ukimaliza, nyamaza, na simu uendelee kuishika sikioni mpaka yeye mwenyewe aikate.