Asubuhi Ulimpa Nini

Katonga, 3 Julai 2000

Mama mpendwa, shikamoo.

Sasa hivi Yusta amemlaza paka wa jirani ubavu, kamkalia kichwani, anahesabu: moja, mbili, nne, tisa. Paka kachoka, kakimbia. Mtoto ananiambia, "Amekufa, halafu akaondoka." Nikacheka peke yangu, nikaona nikuandikie. Sisi wazima, baba yake yuko ziwani. Kikohozi chako kimepungua? Na mguu?

Mama, nimechoka kuhesabu. Miezi saba kwa Daktari Zefania wa mifugo, kazi yangu ni hiyo tu. Mnyama akishachomwa nusu kaputi, nakaa kichwani pake na saa, nahesabu pumzi. Natazama ufizi usiwe mweupe. Namgusa kona ya jicho. Akipepesa, bado hajalala sawasawa. Sindano yenyewe sijaishika. Nikiomba ananijibu, "Darasa la tano, Leonia. Hesabu kwanza." Kama vile mbuzi anauliza cheti.

Ila tarehe 20 tunakuja huko kambini, na ule uvimbe kwenye kiwele cha mbuzi wako Riziki tutautoa. Amesema nikimsimamia Riziki bila kosa, mbuzi atakayefuata nitamchoma mimi. Kwa hiyo nakuomba sana: tangu asubuhi ya tarehe 19 asile kitu, na usiku asinywe maji. Mbuzi akilazwa tumbo limejaa, chakula kinapanda kooni na kuingia kwenye mapafu.

Mwanao,
Leonia


Nyarugusu, 11 Julai 2000

Mwanangu Leonia, jambo sana.

Mie niko. Kikohozi kimepoa, mguu bado unanisumbua wakati wa baridi. Binti wa Marcelina amenisomea barua yako mara mbili, maana ya kwanza sikuamini. Riziki ashinde na njaa? Tulipovuka kutoka Fizi maziwa yako yalikauka, Yusta analia mle mtumbwini. Nani alimnyonyesha? Lakini wewe ndiye unayejifunza. Nimesikia. Nibusie mjukuu.

Mama yako, koko wa Yusta


Katonga, 24 Julai 2000

Mama, shikamoo.

Yusta mzima. Salamu za leo ni fupi.

Nilikuuliza mbele ya Daktari, "Mama, amekula?" Ukasema, "Hajala." Ukanitazama usoni.

Dakika ya kumi na mbili, pumzi nzuri, ufizi mzuri, nikaona kijani kinamtoka Riziki mdomoni. Majani ya viazi. Nikainamisha kichwa chake, nikavuta ulimi, nikachokoa koo kwa vidole, nikapangusa kwa kitenge changu. Pumzi zikawa sita. Kisha hakuna. Daktari anamkandamiza mbavu, na mimi naendelea kutaja namba kwa sauti, sijui nahesabu nini, mpaka ikarudi moja.

Alisimama, ulimwona, namshukuru Mungu. Lakini kwenye gari Daktari aliendesha mpaka Kasulu. Hapo akasema, "Kama mama yako mzazi hakukusikia, mwenye mbwa wa Bangwe atakusikia?" Saa ameichukua. Sasa nafua mataulo. Nina hasira, Mama, na sijui mtoto anaiandikaje bila kumkosea mzazi.

Leonia


Nyarugusu, 9 Agosti 2000

Leonia mwanangu, jambo.

Chini ya barua hukuandika "mwanao". Nilimwambia binti wa Marcelina atafute vizuri, akasema hakuna.

Alfajiri ile Riziki alilia. Nilivumilia, akalia tena, vilevile kama Yusta mle mtumbwini. Nikampa kiganja kimoja cha majani. Kisha wewe unaniuliza mbele ya daktari na watu wamejaa. Ningesema amekula, wangesema Veneranda hasikii hata la mwanawe. Niliona aibu. Ungeniuliza asubuhi nimempa nini, mdomo ungesema wenyewe.

Anakohoa kidogo, lakini anatafuna. Jioni nakaa kichwani pake nahesabu. Saa sina, nahesabu tu. Nisamehe.

Mama yako


Katonga, 2 Septemba 2000

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi ni mwanao, nimeliandika juu kabisa nisije nikalisahau chini.

Nakuandikia kazini. Yusta yuko jino kwa jino na yule paka, mikwaruzo mikono yote miwili, lakini anakula na analala. Mguu haujambo?

Barua yako nilimsomea Daktari, pale pa aibu nilipasoma polepole. Kesho yake nikakuta saa juu ya mataulo. Saa tu. Nikahesabu wiki mbili nyingine, moyo unaniuma.

Leo asubuhi kaja yule bwana wa Bangwe na mbwa wake jike, tumfunge kizazi. Daktari anauliza, amekula? Bwana anaapa, tangu jana hajaonja. Dawa imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Nikamgeukia mkewe, nikamuuliza taratibu kama tunapiga soga, "Dada, asubuhi ulimpa nini?" Akasema, "Ugali na vichwa vya dagaa, kama kawaida." Mumewe akatazama dari. Daktari akaweka bomba chini, akawaambia warudi kesho kutwa, kisha akanitazama muda mrefu.

Nilitaka kukwambia kwamba swali hilo ni lako, Mama, na kwamba Riziki akiacha kukohoa uni... Subiri, Daktari ananiita. Kuna mbuzi wa Ujiji mezani, nimeshamuuliza mwenye mbuzi, tangu jana hajapewa hata jani. Daktari anasema niache saa aishike yeye, ninawe mikono, maana leo sindano...