Kijani Kwenye Kichupa cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1968
"Nishati haikuruka kutoka ncha moja ya molekuli hadi nyingine; ni molekuli mbili tofauti zilizogongana." Ndivyo alivyoandika Profesa Pell, mtahini wa tasnifu ya mwanafunzi wangu Ragna. Upuuzi! Tumeuzimua myeyusho kwa maji mara mia. Kama ni kugongana, kijani cha ncha ya pili kingefifia zaidi ya bluu ya ncha ya kwanza. Uwiano ni uleule! Ncha ya kwanza inanyonya mwanga, ya pili ndiyo inayowaka kijani — nishati imepita ndani kwa ndani. Pell hajashika kichupa tangu vita vya Korea.

Jumanne, 5 Machi
Nimemjibu kurasa tatu. Ragna kazisoma. "Daktari, umemwita kisukuku. Mimi ndiye nitakayesimama mbele yake Ijumaa." Nikafuta kisukuku. Nikaandika mzembe.

Jumatano, 6 Machi
Pell kanisimamisha kwenye ngazi. "Irma, acha makelele. Ile ncha ya pili peke yake, mmeimulika kwa taa ileile? Ikiwaka yenyewe, hakuna kilichoruka."

Swali zuri — namchukia kwa hilo. Oktoba tulijaribu: giza tupu. Tukarudia leo tumzibe mdomo. Kichupa cha kwanza, molekuli nzima: kijani. Cha pili, ncha ya kwanza: bluu. Cha tatu, ncha ya pili peke yake — kijani!

Ragna kakaa juu ya ndoo. Hakulia. Miaka mitano ya kazi.

Alhamisi, 7 Machi
Ragna kamulika spiriti tunayosuuzia vichupa. Spiriti tupu. Kijani hafifu!

"Nani kachovya mrija humu?"

Mimi. Jumanne, nikikimbilia kumjibu Pell. Mrija ulikuwa na molekuli nzima.

"Na hii lebo ya MARUFUKU KUCHOVYA hapa chupani kaibandika nani, Daktari?"

Mwandiko wangu.

Lakini je, uchafu huo unatosha kueleza kijani chote cha jana? Sijui. Ragna pia hajui. Spiriti mpya inafika kesho saa mbili asubuhi. Mtihani ni saa nne. Barua ya kurasa tatu nilikuwa sijaituma; nimeichana. Nampelekea Pell na watahini wenzake hii:

Njooni maabara saa mbili. Kosa la spiriti ni langu, si la Ragna. Pell, njoo na kichupa chako, kisuuze kwa spiriti mpya kwa mkono wako, tia ncha ya pili peke yake, zima taa za chumba na ukimulike mwenyewe. Kikiwaka, naiondoa makala tuliyoipeleka jaridani, isichapishwe. Kikikaa giza, useme hapohapo, kwa sauti, kwamba nishati iliruka, Ragna akisikia.