Sarafu za Pudini ya Shangazi Dulcie

Moonta, 6 Januari 1980

Dada Verna mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Hujambo wewe, na shemeji, na Kerry? Mimi ni mzima. Shangazi bado yuko hospitali. Nyonga imetiwa chuma na ulimi umepona kabisa, kwa maana wauguzi wote wameshapewa majina.

Sasa sikia habari. Nalala kwake kulisha kuku, na chini ya kitanda chake nimekuta chupa kumi na nne za jemu zimejaa sarafu! Shilingi, florini, peni sita, za tangu enzi za babu. Nawe unasikia redioni jinsi bei ya madini ya fedha inavyopanda, watu wanauza hata birika za bibi zao. Nikamwuliza Shangazi. Akasema, "Zichukue, zinakula vumbi tu. Ninunulie friji, hii inakoroma kuliko marehemu baba yako."

Nimetandika shuka sebuleni nikazimwaga zote, pamoja na za kichupa cha achari nilichokikuta kabatini nyuma ya unga. Za mpaka 1945 ni fedha tupu, za kuanzia 1946 ni nusu. Zilizokuwa nyeusi nimeziloweka kwenye siki mpaka zikang'aa, miaka isomeke. Vidole vyangu vinanuka kama saladi. Mjini Kadina kuna mnunuzi amepanga chumba cha hoteli, anapima kwa kilo. Nitakwenda akirudi.

Wako mdogo,
Lance

Fremantle, 14 Januari 1980

Lance mdogo wangu,

Tumepokea barua yako na sote tu wazima, ila Kerry ana mafua ya kiangazi. Mwambie Shangazi nampenda na aache kuwasumbua wauguzi.

Friji sawa, anunuliwe. Lakini kichupa cha achari kirudishe haraka! Zile ni sarafu za peni tatu zinazopikwa ndani ya pudini ya Krismasi. Wewe miaka ile ulikuwa migodini kaskazini, hujui. Pesa mpya zilipokuja mwaka wa sitini na sita, zikawa zinaharibu ladha ya pudini, basi Shangazi akaficha zile za zamani kumi na mbili. Kila Krismasi anazitumbukiza, na ukiipata yako kwenye sahani unamrudishia, anakupa senti tano.

Moja imepinda. Hiyo ni ya ndugu yetu Ross. Krismasi ya 1967 aliing'ata ikapinda, jino likamvunjika kipande, tukacheka mpaka Shangazi akakaa chini sakafuni. Mwezi wa pili wakampeleka vitani Vietnam, na hakurudi. Hatukuletewa chochote chake zaidi ya saa na buti. Shangazi alimlea kitindamimba wetu tangu ana miezi tisa, Lance. Itafute, uiweke pembeni.

Dada yako,
Verna

Fremantle, 2 Machi 1980

Lance,

Hujambo? Karibu wiki saba kimya. Nimepiga simu kwa jirani, anasema u mzima na friji mpya imeshaletwa. Je, ya Ross umeipata? Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dada yako

Moonta, 11 Mei 1980

Dada Verna,

Salamu, na samahani kwa kukaa kimya. Kazi kwenye maghala ya ngano imenibana. Natumai Kerry amepona.

Shangazi amerudi nyumbani tangu Aprili, anatembea kwa mkongojo, na kila siku ananikumbusha kwamba mayai yamepungua kwa sababu kuku hawanipendi. Bado nalala huku kumsaidia. Kichupa kipo. Ya Ross ipo. Hiyo ndiyo aliyoiulizia kwanza, kabla hata ya kuvua koti. Sasa haikai kabatini tena, anaitia kwenye mfuko wa aproni. Akipika namsikia anaisemesha: "Ross, hebu sikia huyu mwuza nyama alivyonipunja leo." Usiwe na wasiwasi.

Wako mdogo,
Lance

Fremantle, 8 Septemba 1980

Lance wangu,

Hamjambo huko? Sisi wazima kabisa. Barua yako ya Mei naisoma mara kwa mara, kila nikifika kwenye aproni nalia. Nilikushuku vibaya, nisamehe.

Tunakuja Krismasi! Kerry ametimiza miaka saba, nataka aione peni ya mjomba wake. Ina alama ya jino chini kabisa ya taji la mfalme, nitamwonyesha kwa kidole.

Dada yako anayekupenda,
Verna

Moonta, 19 Oktoba 1980

Dada Verna,

Nakusalimu wewe na jamaa wote. Barua hii nimeichana mara tatu.

Ile iliyo kwenye aproni haina alama ya jino. Barua yako ya Januari ilinifikia Ijumaa, na mnunuzi alirudi Kadina Jumatatu. Siku tatu nilikuwa nazo. Lakini sarafu zilikuwa zimeshaoshwa, zimeshajazwa kwenye mifuko mitatu ya ngano, nami nimeshaifunga kwa waya. Nikafungua mfuko mmoja, nikatia mkono, nikapekua kama robo saa. Nikajiambia, siwezi kumwaga yote haya upya kwa ajili ya peni moja mbovu, na bei inaweza kuanguka kesho. Nikafunga. Jumatatu zikapimwa. Bei kweli ikaanguka wiki ile ile, na mimi nilitembea kifua mbele, nikijiona mjanja.

Shangazi aliporuhusiwa kutoka ndipo nikaogopa. Nikaenda Adelaide kwa muuza sarafu, nikanunua za peni tatu kumi na mbili. Moja nikaishika kwa plaizi nikaipinda. Nilidhani ataiweka tu ndani ya kichupa mpaka Desemba. Sikujua ataanza kuongea nayo. Naona aibu, Verna.

Ukija usiseme kitu, nakuomba. Ana furaha.

Lance

Fremantle, 27 Oktoba 1980

Lance,

Sikusalimu. Nilitaka kukupigia simu nikashindwa, ningekutukana, na simu ya jirani wanaisikia watu.

Unataka nisimame jikoni kwake nimfundishe mwanangu kuibusu kazi ya plaizi? Sitafanya. Una mpaka mwisho wa Novemba. Mwambie wewe mwenyewe, au nitamwambia mimi, na nikimwambia mimi sitakuwa na mdogo tena huko Moonta.

Verna

Moonta, 23 Novemba 1980

Dada Verna,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Shangazi mwili wake hauna neno.

Nimemwambia jana, tulipokuwa tunakunywa chai. Nilimweleza yote, hata ile robo saa. Akainuka akazima redio, akakaa tena. Akauliza, "Ya Ross ilipimwa pamoja na zile nyingine?" Nikasema ndiyo. Akaitoa kwenye aproni, akaitazama pande zote mbili, akanitilia mkononi taratibu, wala hakuitupa.

Akasema, "Miezi saba nimekuwa nikiongea na plaizi yako, Lance."

Kisha akaniambia nimalize chai yangu, nikusanye nguo, na ufunguo niuache juu ya friji. Niliposema nisamehe, akajibu, "Sijui. Usiniulize leo."

Nimepanga chumba karibu na maghala. Jirani analisha kuku. Wewe njoo Krismasi, usiahirishe, anakuhitaji sana. Pudini atapika, ila amesema safari hii haitakuwa na kitu ndani. Mimi hakunialika, nami sikuomba.

Kerry akiuliza mjomba Lance yuko wapi, usimtafutie maneno mazuri. Mwambie nilichofanya.

Mdogo wako, kama bado unanihesabu,
Lance