Kura Niliyookota Mimi

4 Juni

Dada,

Hujambo na kazi? Sisi hatujambo. Mtoto ananyonya kama anakimbizwa. Kidonda kinaniuma nikicheka, ila siku hizi sina cha kunichekesha.

Hapo hospitalini kwenu mnalinganisha visu viwili vya kupasulia tumbo, cha wembe na cha umeme, na kila mama anaokota kura. Mimi niliokota wembe. Karatasi uliipokea wewe. Kisha nikiwa mezani, nusu mwili ganzi, macho yamenitoka, nikakusikia: "Umeme, daktari." Mara harufu ya kuungua. Nyama yangu, Dada! Kwa nini?

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi mzima, wewe ndiye unayetafuta ugonjwa.

Kisu cha umeme kinakata huku kinaziba mishipa. Mama alipokuzaa alivuja damu kwenye meza kama ile mpaka akatutoka, na mimi ndiye niliyekulea. Ulitaka nisimame na trei yangu nikutazame ukiisha vilevile, eti kura? Uko hai, una mtoto, unalalamikia harufu! Mwenye adabu angesema asante. Na ufunge mdomo. Daktari akijua, kazi sina.

Dada yako

12 Juni

Dada,

Habari za huko? Huku mtoto kalala, naandika haraka kabla hajaamka.

Umenilea, sikatai. Lakini usinizibe mdomo kwa jina la Mama. Majibu ya ulinganisho wenu ndiyo yatakayoamua wanawake wengine wakatwe kwa kisu kipi, na mimi umeniingiza humo kwa hila. Ungeniuliza tu! Pengine umeme ningeutaka mwenyewe. Ijumaa nakuja kliniki. Mwambie daktari kabla sijafika. Usipomwambia, nitamwambia mimi.

Mdogo wako

20 Juni

Dada,

Hujajibu, natumaini ni hasira tu, si homa.

Ijumaa nilikuta mwingine ameshika trei yako. Daktari akasema ulimweleza mwenyewe, nami nimeondolewa kwenye ulinganisho. Akakagua kidonda, akakisifu: kimefunga vizuri, kovu litakuwa jembamba. Haya, furahi. Pengine kisu chako ndicho kilichonifaa. Tumbo lilikuwa langu.

Mtoto hajakuona bado. Mlango hauna kufuli, unajua. Ila ukija, piga hodi, usubiri niitikie.

Mdogo wako