Supu ya Nusu Bakuli

Natalina, halasi, basi tena, mimi nimekwisha.

Wazazi wa Yangi wamekuja kuniposa leo. Mjomba Fortunato hakutaka mtu aguse jikoni, eti yeye alikuwa mpishi wa behewa la chakula, treni ya Nairobi–Kampala, miaka ya sabini.

Akaleta supu nusu bakuli. NUSU. Kwa wakwe.

Mama anamkanyaga mguu, yeye anajibu kwa sauti, "Ukijaza, treni ikikata kona inamwagikia abiria."

Kona gani? Tuko nyumbani, mtaa wa Hai Jalaba, tumekalia viti vya plastiki.

Baba yake Yangi akaonja, akaweka kijiko chini. Nikajua ndoa imekufa.

Kisha akasema, "Hii supu naijua. Niliinywa kwenye treni hiyo, sabini na nne. Hata siku ile nilishukuru Mungu ni nusu."